Mpira wa Masikio

Jioni ya tarehe 27 Februari 1998 mjomba wangu alizima redio. Kongo ilikuwa inacheza na Burkina Faso mjini Ouagadougou kugombea nafasi ya tatu ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na wenyeji walikuwa mbele 4-1, dakika zimebaki chache. Betri nazo zilikuwa zinakata roho. Mtangazaji alisikika kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Mjomba akasema kilichobaki kitunzwe kwa taarifa ya habari ya usiku, maana Uvira ya wakati ule mtu hakukubali kupitwa na taarifa ya habari. Akazungusha kitufe, tukabaki na sauti ya mawimbi ya ziwa.

Haukupita muda, upande wa barabarani zikasikika kelele. Za kwanza hatukuzijali. Za pili mjomba aliinua kichwa. Za tatu zilimkuta yuko nje, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Alipofika kwa jirani mwenye betri mpya, matokeo yalikuwa 4-4, na baadaye Kongo ikashinda kwa penalti. Mjomba aliishi miaka mingi baada ya siku ile, wala hakuzima redio tena kabla ya filimbi ya mwisho.

Hivyo ndivyo mtaa wetu wa Songo ulivyoufuata mpira kwa zaidi ya kizazi kimoja. Tuliusikia. Magoli ya Leopards, timu yetu ya taifa, ya Mazembe, ya Vital'O ya Bujumbura na ya Simba wa Dar es Salaam yaliingia Uvira kwa njia ya sikio, na mengi kati ya hayo hayajawahi kuonekana na macho ya mtu wa hapa hadi leo.

Asiyeijua Uvira aelewe kwanza jinsi ilivyokaa. Mji umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, mwembamba na mrefu kama mkeka uliotandikwa ufukweni, kutoka Kavimvira upande wa mpaka hadi bandari ya Kalundu. Usiku, ukisimama Songo na kutazama mashariki ng'ambo ya maji, unaona taa za Bujumbura. Kinshasa, mji mkuu wetu, iko kama kilomita 1,500 upande wa magharibi, na hakuna barabara ya kukufikisha huko. Hata saa zetu hazifanani: Kinshasa ikisema saa moja, sisi ni saa mbili. Redio ya taifa ilipotangaza muda wa mechi, kazi ya kwanza ya shabiki wa Uvira ilikuwa kuongeza saa moja kichwani, na wapo waliosahau wakafungua redio mechi ikiwa kipindi cha pili.

Sauti ya kutoka mbali kiasi hicho ilisafiri kwa masafa mafupi. Mawimbi ya aina hiyo hupanda angani, yakagonga tabaka la juu la hewa lenye umeme, yakarudi ardhini mbali sana na mnara ulioyatoa. Tabaka lenyewe hubadilika jua likichomoza na likizama, na ndiyo sababu stesheni iliyokuja safi saa kumi jioni iliweza kuzama saa moja usiku, kisha ikarudi yenyewe kama mtu aliyetoka mara moja kunywa maji. Hayo ya kisayansi hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba mpira wa Kinshasa huja na kuondoka, na kwamba kuna watu wenye mkono wa redio. Mjomba alikuwa mmoja wao. Alijua pembe ya antena, alijua waya wa kuongezea hadi kwenye bati la nyumba, na kitufe cha stesheni alikigusa taratibu kama anayepima homa ya mtoto. Betri zilizochoka zilianikwa juani tangu asubuhi ya siku ya mechi, juu ya bati lilelile, na hapakuwa na mtoto aliyethubutu kuzichezea.

Mtangazaji wa redio anabeba mzigo ambao wa televisheni haujui. Lazima akupe mahali, mtu, mwelekeo na muda, tena kabla mpira haujafika kwingine. Waingereza walipoanza kutangaza mechi ya ligi moja kwa moja redioni, tarehe 22 Januari 1927, Arsenal na Sheffield United, gazeti la vipindi vya redio liliwachapia wasikilizaji mchoro wa uwanja uliogawanywa katika vyumba vinane vyenye namba, na mtu wa pili akawa anataja namba ya chumba ambamo mpira ulikuwa. Songo hatukuchapiwa kitu. Sisi watoto tulichora uwanja mchangani kwa kijiti, tukapanga vizibo vya chupa, na balo, yaani mpira, ilikuwa punje ya hindi. Mtangazaji akisema winga ya kulia, punje inakwenda kulia. Redio ikizama, punje inabaki ilipo mpaka sauti irudi, na katikati ya ukimya huo kila mmoja wetu alikuwa na mechi yake.

Kwa watu wa umri wa mjomba, mechi zenyewe hasa zilikuwa za 1974. Kombe la kwanza la Afrika la nchi yetu lilikuwa la 1968, Addis Ababa, Kalala akiifunga Ghana bao la pekee katika fainali ya Januari 21. Uvira ya 1968 ilikuwa bado inauguza majeraha ya uasi wa 1964, nami sikupata kumsikia mzee akiisimulia fainali ile kwa kirefu. Ya 1974 ilisimuliwa kila mwaka. Zaire, kama tulivyoitwa wakati huo, ilikwenda Misri, ikatanguliwa na wenyeji kwa mabao mawili kwenye nusu fainali, ikageuza na kushinda 3-2. Fainali dhidi ya Zambia, Machi 12, ilikwenda hadi muda wa nyongeza. Ndaye Mulamba alifunga bao la pili dakika tatu kabla ya mwisho, watu wakaanza kukumbatiana, na Zambia wakasawazisha dakika ya 120. Mjomba alisema dakika ile redio ilikuwa imezama. Ilipozuka tena ilimkuta mtangazaji ananong'ona, na mtaa mzima ukajua.

Mechi ikarudiwa siku mbili baadaye. Cairo haikuwa na hamu nayo tena. Waliokwenda uwanjani walikuwa wachache. Ndaye akafunga yote mawili, 2-0, akamaliza mashindano na mabao tisa. Nimelifikiria sana jambo hili: mechi iliyotazamwa na watu wachache kiasi kile ilikuwa na nchi nzima nyuma yake, kutoka Matadi hadi Kalundu, wote wameinamia vyombo vidogo vya betri. Historia ya mpira huhesabu tiketi zilizouzwa. Hao wengine hawakuhesabiwa na mtu.

Kisha Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi, Juni 1974. Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko, baada ya kuifunga Morocco 3-0 mjini Kinshasa Desemba iliyotangulia. Wachezaji walikuwa wamepewa nyumba na magari na Rais Mobutu, na watu wa Songo walikuwa na hakika, hakika kabisa, kwamba Ndaye atafunga. Scotland walishinda 2-0 kule Dortmund, na mtaa ukalala bila aibu. Juni 18, kule Gelsenkirchen, wakakutana na Yugoslavia.

Mjomba aliisimulia mechi hiyo polepole, kama mtu anayetaja majina ya marehemu. Bao la kwanza. La pili. La tatu, na golikipa Kazadi akatolewa, akaingia Tubilandu. Muda huohuo mwamuzi akatoa kadi nyekundu, na aliyetolewa alikuwa Ndaye, ingawa aliyempiga mwamuzi teke alikuwa Mwepu Ilunga. Hadi mapumziko yalikuwa sita. Palikuwa na mzee mmoja jirani, alisema mjomba, aliyeshikilia kwamba mtangazaji ananakili bao lilelile mara mbilimbili kwa sababu ya mwangwi wa masafa, na watu kadhaa walimwamini kwa sababu walihitaji kumwamini. Mwisho ulikuwa 9-0. Usiku ule, alisema, hakuna aliyemwambia mwenzake kwaheri. Kila mtu alibeba kigoda chake akaenda.

Juni 22 wakafungwa 3-0 na Brazil, na hapo likatokea tukio ambalo dunia yote inalijua kwa picha. Brazil wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu, Mwepu anachomoka kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga mbali. Picha hiyo imechekwa miaka hamsini, kwamba Waafrika wale hawakujua hata sheria. Mwepu mwenyewe, kabla ya kufariki 2015, alieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Kikosi hakikuwa kimelipwa posho zake, na walikuwa wameonywa na watu wa Mobutu wasithubutu kufungwa zaidi ya mabao matatu. Mjomba aliliona tukio hilo kwa mara ya kwanza kwenye simu yangu, miaka ya karibuni, yeye akiwa mzee. Hakucheka. Alitazama mara mbili, akanirudishia simu, akasema redioni haikuwa hivyo. Redioni Mwepu alikuwa amepoteza muda tu, kama beki yeyote mjanja wakati timu yake iko matatani. Watu wa Songo waliisikia ile mechi bila kile kicheko, na nadhani walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko waliokuwa na televisheni.

Mwaka huohuo, alfajiri ya Oktoba 30, redio zilifunguliwa tena kwa pigano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa. Kwetu ilikuwa imekaribia kupambazuka, saa ambayo kwa kawaida wavuvi hurudi.

Wavuvi wanastahili nafasi yao hapa. Upande huu wa ziwa, mitumbwi iliyofungwa pamoja kwa ajili ya wavu mmoja huitwa ekipe, neno lilelile la Kifaransa linalotumika kwa timu ya mpira. Ekipe hutoka jioni na taa zake kwenda kuvua ndagala, na kwa kuwa taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi, siku za mwezi mpevu watu hubaki nchi kavu. Redio ndogo ilikuwa chombo cha kazi kama kasia. Maji hayana milima ya kuziba mawimbi, na wavuvi walijigamba kwamba huko katikati stesheni huja safi kuliko mjini. Mara nyingi mtaa ulipobishana juu ya bao lililomezwa na mikwaruzo, ulisubiri asubuhi, ekipe zishuke ufukweni, ndipo hukumu ikatolewa juu ya vikapu vya ndagala.

Kinshasa walitangaza kwa Kifaransa na Kilingala. Kiswahili cha mpira kilitujia kutoka nje ya mpaka. Redio ya Bujumbura ilikuwa ng'ambo tu, haikuhitaji antena wala waya, na ilikuwa na vipindi vya Kiswahili kati ya vile vya Kirundi na Kifaransa. Vital'O walipofika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1992, Uvira iliwasikiliza kama timu ya nyumbani, na walipofungwa na Africa Sports ya Abidjan, huku kwetu pia watu walilia. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitoka mbali, kama kilomita 1,200, lakini usiku ilifika, na ilitangaza kwa lugha yetu kuanzia salamu hadi filimbi. Ndiko tulikopata maneno. Mtu wa Songo akisema balo anatumia neno la Mfaransa. Akisema mlinda mlango, kandanda, dakika za majeruhi, hayo ameyaokota Dar es Salaam, na yote mawili hukaa kinywani mwake bila kugombana. Wapo watu hapa ambao hawajawahi kukanyaga Tanzania lakini watakutajia jinsi Simba walivyofungwa 4-0 nyumbani na Mufulira Wanderers mwaka 1979, kisha wakaenda Zambia wakashinda 5-0.

Jina hilo la Simba lilitutatiza. Wazee walipolisikia walikumbuka waasi wa 1964 wenye jina hilo, waliouteka mji Mei mwaka ule. Vijana walikumbuka wekundu wa Msimbazi. Kisha Laurent-Désiré Kabila alipoingia madarakani 1997, timu ya taifa yenyewe ikaacha kuitwa Leopards, ikaitwa Simba, hadi 2006. Kwa hiyo waliorudisha mabao matatu Ouagadougou, jioni mjomba alipozima redio, walikuwa Simba wa tatu.

Vita viliukata mnyororo huu na kuupeleka kwingine. Oktoba 1996 Uvira ilitekwa, na watu wengi wa mji na wa kandokando ya ziwa walivuka kwenda Tanzania. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka huo kwa ajili yao, na wapo waliokaa humo zaidi ya miaka ishirini. Mtu anayekimbia huchagua vitu vya kubeba: sufuria, blanketi, karatasi za shule za watoto, na katika familia nyingi, redio. Redio Kwizera ya Ngara ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, kwa ajili ya wakimbizi, na mawimbi ya Dar es Salaam sasa yalikuwa karibu zaidi. Huko kambini watoto wa Uvira walizaliwa na kukua wakiwa mashabiki wa Simba au Yanga kabla ya kujua rangi ya jezi ya Kongo.

Simu zilipofika, miaka ya mwanzo ya 2000, sikio lilipata msaidizi. Februari 2002 ilianza Redio Okapi, na tukawa na redio ya nchi nzima inayosema Kifaransa na lugha zetu nne, Kiswahili kikiwemo, tena kwa sauti isiyozama. Lakini kilichobadilisha mechi ilikuwa ujumbe mfupi. Ndugu aliyeko Bujumbura, mwenye televisheni, alituma: 1-0, Mputu. Maneno mawili. Aliyepokea alisimama katikati ya kikao na kusoma kama anayesoma waraka kanisani. Baadaye wenye intaneti walifungua kurasa za matokeo, zile zilizoandika dakika na bao tu, na ukurasa mmoja uliweza kuchukua muda mrefu kufunguka kuliko shambulizi lenyewe.

Nimekuja kujua kwamba hata waliokuwa na kila kitu walipita njia hii. Marekani wana softiboli, mchezo ulio ndugu wa besiboli, ambao vyuoni huchezwa na wasichana na ambao fainali zake zimefanyika Oklahoma City karibu kila mwaka tangu 1990. Kabla ya video kufika kwenye intaneti, wazazi na mashabiki wa timu hizo walikaa mbele ya kompyuta wakisoma mstari mmoja baada ya mwingine: huyu amepiga, yule ametoka, mmoja amefika kituo cha pili. Waliobahatika walipata sauti ya redio ya chuo. Baadhi ya watoto waliozaliwa Nyarugusu wamehamishiwa nchi hiyo na wanasoma katika shule zenye viwanja vya mchezo huo. Bibi zao wakisimuliwa habari ya kusoma mchezo usiouona, hawashangai.

Mara ya mwisho Songo kusikiliza kwa mtindo wa zamani, kwa wingi na kwa pamoja, ilikuwa Desemba 2010. TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Ilikuwa imeitoa Pachuca ya Mexico kwa bao la Bedi, na tarehe 14 ikakutana na Internacional ya Brazil. Televisheni zilikuwepo sasa, baa kadhaa zilikuwa na jenereta na dishi, lakini watu walikuwa wengi kuliko viti, na waliobaki nje waliweka redio juu ya ukuta. Kabangu akafunga kipindi cha pili. Redio ilitangaza bao kabla ya picha ya setilaiti kufika, kwa hiyo walio nje walipiga kelele kwanza, na walio ndani, waliolipa, wakajua bao linakuja kabla hawajaliona. Kaluyituka akaongeza la pili. Hakuna klabu ya nje ya Ulaya na Amerika Kusini iliyowahi kufika fainali hiyo kabla yao. Inter Milan waliwafunga 3-0 siku nne baadaye, na golikipa Kidiaba akarudi nyumbani shujaa vilevile, kwa ile ngoma yake ya kurukaruka kwa makalio ambayo walio nje walilazimika kuombwa waingie waione.

Sasa kijana wa Songo anatazama mechi kwenye simu, akiwa peke yake, kifurushi kikiruhusu. Simlaumu. Ninachojali ni kwamba mechi zilizosikika hazina hifadhi. Kanda za redio za miaka ile ni chache, na zilizobaki hazisemi nini kilitokea upande wa pili, kwenye vigoda. Hayo yamo ndani ya watu waliozidi miaka sabini, na kila mwaka wanapungua. Kama unaye mmoja nyumbani, mwekee simu yako mbele, bonyeza kinasa sauti, muulize alikuwa wapi Machi 1974. Usimkatize akikosea dakika.

Sikio, nakiri, liliweza kudanganywa. Katika mashindano yaleyale ya Burkina Faso, 1998, uwanja ulisimama kimya dakika moja kumlilia Ndaye Mulamba, aliyesemekana amekufa mgodini Angola. Mjomba aliisikia habari hiyo redioni na akavua kofia. Ndaye alikuwa hai, Cape Town, mkimbizi, akilinda magari ya watu kwenye maegesho. Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019, mjini Johannesburg. Mabao yake tisa katika Kombe la Afrika moja hayajafikiwa na mtu mpaka leo.